Idi ya Mgeni Lushoto

Ndugu msomaji, ukishuka Lushoto asubuhi ya Idi na shanta mgongoni, kwanza utajuta. Maduka yamefungwa, hoteli za chai nazo zimefungwa. Ndivyo yalivyonikuta, baada ya kuzipanda kona zote za kutoka Mombo.

Mama nilimpelekea salamu kwamba kazi imenizuia kwenda nyumbani. Ukweli ni kwamba nilitaka kutembea tu.

Basi nikauzunguka mji huo ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, kisha nikashika njia ya Irente. Watoto wenye kanzu mpya walinipita mbio wakitafuta mkono wa Idi. Mbele kidogo mama mmoja akaniita kutoka barazani.

"Mwanangu, siku kama ya leo unakwenda wapi na mzigo? Karibu."

Nililishwa pilau hadi nikaona haya. Jirani aliyekuja kusaidia kupakua alivaa msalaba shingoni. Usambara hilo si ajabu, hata ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana dini.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza mwenyeji wangu. "Anajua uko huku?"

Nikajibu, "Anajua, mama."

Irente nilifika alasiri. Chini kabisa ya genge, Mazinde na mashamba yake ya mkonge yalionekana kama mkeka uliotandikwa. Sikukaa sana.

Alfajiri niliteremka Mombo, nikapanda basi la kwetu. Idi pili, saa nane mchana, nilibisha hodi. Mama hakuniuliza habari za kazi.