Mshipi katika Maji ya Motoine

Nalitoka Soko la Jiji, Barabara ya Muindi Mbingu, ambako samaki wa Ziwa Victoria hulazwa juu ya barafu, nami nimechukua mshipi, ndoana chache na kopo la nyungunyungu, kwa azma ya kuwatafuta samaki wasioletwa na gari, yaani wale wa Mto Motoine, utokao pande za Dagoretti, ukapenya msitu wa Barabara ya Ngong, ukakingwa na bwawa dogo la Jamhuri, kisha ukapita kando ya Kibera hadi Bwawa la Nairobi. Ya njiani sina haja ya kuyasimulia, kwani apandaye matatu aghalabu huona kisogo cha abiria mwenziwe zaidi ya aonavyo nchi.

Pale Jamhuri, penye kivuli, nalifunga chubwi nikauachia mshipi uzame hadi topeni, kwa kuwa kambare, kinyume cha perege, riziki yake huitafuta chini, akipapasa kwa sharubu. Adhuhuri ilikaribia ndipo mshipi ulipovutwa, si kwa pupa, bali taratibu na kwa uzito, hata nikadhani umenasa mzizi. Nami nalipomtoa, mweusi, mtelezi, alikaa majanini muda mrefu akihema, maana Mola amemjaalia, zaidi ya mashavu yake, kiungo cha kuvutia hewa ya nchi kavu.

Nikashuka kwa miguu hadi Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji, na ambamo zamani watu walikuwa wakivua, wakiogelea na kushindana kwa mashua za tanga. Maji sikuyaona, naliona gugumaji limetanda kama shamba la mboga, na ukingoni mzee wa Kinubi, kofia kichwani.

“Assalamu alaikum, mzee wangu.”

“Wa alaikumu salaam, mwanangu. Na mshipi huo wamtegea nani humu?”

Akanieleza kwamba ujanani mwake perege wa hapo walikuwa kitoweo cha kawaida nyumbani kwao. Wengi hulilaumu gugumaji, nami naona limesingiziwa: majitaka ya makazi yaliyoachwa bila mifereji ndiyo yaliyolirutubisha, nalo likaziba nuru, likafa, na katika kuoza kwake likaimaliza hewa iliyomo majini, ambayo perege hana budi nayo. Kambare labda angestahimili uhaba huo wa hewa. Lakini sumu za viwandani na vyooni hazichagui.

Mzee akaomba kumtazama samaki wangu, akampima kwa kiganja, akauliza ametoka maji gani.

“Jamhuri.”

“Basi huyu utamla, mtoe matumbo yote, umsugue kwa chumvi na ndimu. Angalitoka humu, ningalikuzuia.” Kisha akachungulia koponi kuona nyungunyungu waliosalia, akaniomba nimwachie, kwani mjukuu wake anakaa upande ule ule wa Jamhuri.