Vibarua wenye Digrii

Kwetu Kidodi aliyetaka mshahara wa mwezi alitazama pande mbili tu: kiwanda cha sukari cha Ruembe, ambacho hadi leo watu wanakiita K2, au serikali. Waliobaki walilima mpunga, mahindi na miwa. Kijana aliyefika chuo kikuu hakuhesabiwa kati ya wanaotafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta yeye.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndivyo ilivyomkuta miaka ya themanini. Alipita JKT, akasoma Mlimani kwa fedha za serikali, na alipomaliza akapangiwa kituo. Barua ilisema Sumbawanga, akaenda Sumbawanga. Mama mkubwa alinung'unika sana kwamba mwanawe anatupwa mwisho wa nchi. Hakuna aliyempongeza kwa kupata kazi, maana ajabu ingekuwa kuikosa. Wasomi walikuwa wachache, mashirika ya umma mengi, na hata K2 ilikuwa mali ya serikali.

Mwaka 1998 kiwanda kikauzwa kwa Illovo ya Afrika Kusini. Nilikuwa mwanafunzi, nikiwasikia wazee wakibishana nani atapunguzwa. Mabadiliko hayohayo yalikuwa yameshapita maofisini: mhitimu wa kawaida hakupangiwa tena kazi, akaambiwa aombe kama wengine. Walimu na watu wa afya waliendelea kupangiwa vituo kwa miaka mingi, lakini siku hizi hata mwalimu anaitwa kwenye usaili.

Kwa hiyo nilipoingia Sokoine, Morogoro, kusoma shahada ya uzamili, tulijua barua haiji. Ndoto ya wengi ilikuwa kubakizwa chuoni kama mhadhiri msaidizi, ila mlango huo ulikuwa wa wachache wenye alama za juu kabisa. Sisi wengine tulishikwa mkono na madodoso. Mhadhiri anapata fedha za wafadhili, anahitaji vijana wa kwenda vijijini kuhoji, na wewe unahitaji nauli, karatasi za kuchapia tasnifu na kodi ya chumba. Mnakubaliana kwenye korido.

Bahati ikanirudisha nyumbani. Wakulima wa miwa wa bonde letu, wale wanaouza kiwandani, wamefanyiwa utafiti hadi wamechoka. Nilimkuta bibi mmoja Mvidunda uani kwake, nikamwamkia. “Marahaba, mjukuu wangu,” akajibu, akalitazama lile rundo la karatasi. “Kumbe ulisoma miaka yote hiyo ili uje kutuuliza tunakula mara ngapi kwa siku?” Akacheka, akanipa kigoda, akajibu kurasa zote. Alipofika swali la mwisho ndipo akaniuliza la kwake: ninalipwa shilingi ngapi. Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama wakata miwa kwa jicho lingine. Mtu ametoka Iringa au Njombe kuja msimu, amelala kwenye kambi, lakini asubuhi anajua eneo alilopimiwa na malipo yake. Sisi wenye digrii tulikuwa vibarua wa msimu kama yeye, tukipungukiwa hicho alichokuwa nacho. Posho ya mradi ule ilichelewa mpaka wengine tukakopa nauli ya kurudi chuoni. Ripoti ilipotoka, majina yetu hayakuwemo.

Hata hivyo kibarua kile kilikuwa na mkia mrefu. Baada ya kuhoji kulikuwa na kuingiza data kwenye kompyuta, wiki baada ya wiki, na wasioweza kutembea vijijini walipata riziki hapo. Leo binti wa dada yangu, naye yuko kwenye uzamili, anahoji kwa kishikwambi na majibu yanatumwa jioni ileile. Kazi ya kuingiza data imekufa. Kisha mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, na miradi mingi iliyowalisha vijana wa aina yake ikasimama. Mwaka huohuo TRA ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Binti huyo akipata ajira rasmi, Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara. Asipopata, deni linamsubiri.

Siudharau utafiti kama kazi. Ukivuka Ruaha Mkuu ukafuata barabara mpaka Ifakara, utakuta taasisi ya afya iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957. Pale kuna watu wa bonde hilihili waliojenga maisha kwa kuchunguza mbu na malaria. Inawezekana, basi, kazi hii kuwa na mkataba, mshahara na cheo. Vyuo vyetu vinavyopokea fedha za miradi havina udhuru wa kuendelea kuajiri kwa mdomo.

Nawe uliye kwenye uzamili, kabla ya kupokea kishikwambi dai karatasi yenye siku za kazi, kiwango cha malipo na tarehe ya kulipwa, na uulize kama jina lako litaandikwa kwenye ripoti. Wakisema mambo hayo mtayaongea baadaye, usiende.