Land Rover ya Parokia na Baridi ya Julai



Mtu wa Makete au Lushoto akisikia nalalamikia baridi ya Mwanza atacheka, na ana haki. Lakini parokia niliyopangiwa likizo ya mwaka jana iko kando ya Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Kule, alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na boneti huamka imelowa umande. Kwa binadamu hiyo ni sweta moja tu. Kwa Land Rover ya dizeli iliyonizidi umri kwa miaka ishirini, ni sababu tosha ya kugoma.

Dawa yetu ilikuwa mteremko. Kila jioni gari liliegeshwa juu ya kanisa, pua ikitazama ziwa. Asubuhi unaachia breki, linashuka, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Likigoma, watoto wanasukuma. Paroko, ambaye si mtu wa kwetu, alikuwa na utani kwamba sasa ameelewa kwa nini tunaitwa Wasukuma.

Jumanne moja nilirudi usiku kutoka kigangoni na magunia ya mahindi. Nilikuwa nimechoka, nikaegesha penye tambarare, mlangoni pa ghala, ili tushushe mzigo asubuhi. Saa kumi usiku katekista akapiga simu: bibi mmoja, mwana WAWATA wa miaka mingi, amezidiwa na anaomba padre. Paroko akatoka na mafuta matakatifu. Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikatoa moshi mweupe, haikushika. Nikapiga tena na tena mpaka betri ikazimia. Tulijaribu kusukuma, watu wawili na magunia ndani, na gari halikusogea hata hatua tano. Kumpata kijana wa bodaboda saa ile kulichukua karibu saa nzima.

Paroko alimkuta bibi amekwisha kufariki. Mpako wa Wagonjwa hapewi marehemu. Akasali na familia sala za kumwombea, akarudi, akaadhimisha Misa ya asubuhi. Kuhusu gari hakuniambia neno. Mazishini mjukuu wa marehemu, kijana wa darasa la sita, alinisalimia vizuri, kisha akasema, “Frateri, bibi alikuwa anauliza gari limefika wapi.” Hakunilaumu. Alikuwa ananipa taarifa tu.

Kilichoniuma zaidi ni betri. Ilikuwa mpya, ya mwezi mmoja, imenunuliwa kwa michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo, na mshauri nilikuwa mimi. Ilipofungwa, gari liliwaka siku tatu mfululizo, nikatangaza kwamba ugonjwa umepatikana. Siku hizo tatu zilikuwa za mawingu, na usiku wa mawingu haupoi sana. Somo la mantiki nilifaulu vizuri. Kosa la kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha naweza kulieleza hata usingizini, na nikalifanya mchana kweupe kwa fedha za waamini.

Nilimfuata fundi mmoja mzee Igoma, akakubali kuja.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Frateri. Likisukumwa linawaka?”

“Linawaka.”

“Basi linataka moto, halitaki betri.”

Akanieleza huku anafungua. Injini ya dizeli, tangu ile ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi mwaka 1897 kule Ujerumani, haina cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto mkali, dizeli inapulizwa humo, inawaka yenyewe. Injini yetu hubana hewa mara 23. Ikiwa imelala baridi na ringi zimechakaa, hewa nyingine inavuja, na joto linamezwa na chuma kabla dizeli haijashika. Kwenye mteremko injini huzungushwa kwa kasi na kwa muda mrefu kuliko stata inavyoweza, ndiyo maana ilikuwa inawaka. Kwa kuanza na baridi, watengenezaji waliweka plagi nne za hita, moja kwa kila silinda, za kupasha chumba cha moto kwanza.

Zetu zilifungwa mfululizo kwenye waya mmoja: umeme unapita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ndipo unaingia kwenye mwili wa gari. Ikiungua moja, zote nne zinakufa. Mzee alishika taa ya kupimia, akagusa moja baada ya nyingine. Baada ya plagi ya tatu taa ikazimika. Nilianza kusema kitu kuhusu jumuiya na kiungo kimoja kinachoumia. Akaniambia nishike tochi vizuri.

Hakubadilisha ile moja tu. Alitafuta plagi za volti 12, akazifunga kila moja na njia yake ya umeme, ili ikifa moja tatu zibaki. Akasugua kutu kwenye waya unaounganisha betri na mwili wa gari, akatoa hewa kwenye njia ya dizeli. Kazi ya nusu siku. Nilimuuliza plagi ile ilikufa lini. Akaichungulia, akasema ni zamani, labda miaka. Miaka yote hiyo tulikuwa na mteremko, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Arobaini ya bibi iliangukia mwisho wa Agosti, wiki chache kabla sijarudi seminarini. Usiku niliegesha mlangoni pa ghala, kwa makusudi. Alfajiri nikawasha hita, nikahesabu hadi ishirini, nikapiga stata mara moja. Likatoa moshi kidogo, likatulia. Tulifika kigangoni mapema mno, viti vilikuwa bado havijapangwa, nikashuka kumsaidia yule mjukuu kuvipanga.