Kiuyu, Baina ya Mawe na Maji: Malezi ya Mvulana Asiyetulia

Msomaji mpenzi, kama nyumbani mwako kuna mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu au miwili, huna haja ya kuelezwa shughuli zake. Kumepambazuka tu, amekwisha kumwaga maji ya kunawia. Saa tatu yuko jivuni. Adhuhuri anamfukuza jogoo, na jioni, mama yake akiwa hoi, yeye ndiyo kwanza anaanza. Juma hili twende pamoja mpaka Kiuyu, kisiwani Pemba, tukaone maana ya kumlea mtoto wa namna hiyo mahali penye mawe upande huu na bahari upande ule.

Ukishuka bandarini Mkoani, kusini mwa kisiwa, utapanda gari kwenda kaskazini kwa njia ya Chake Chake. Macho yatafurahi: vilima vya kijani, mikarafuu, minazi na migomba. Lakini ukielekea Micheweni, kaskazini mashariki, nchi inabadilika. Mikarafuu inakwisha. Ardhi ni mawe makali ya matumbawe, udongo ni kidogo, na mvua ni haba kuliko upande wa magharibi. Hapo ndipo ilipo rasi ya Kiuyu, yenye Bahari ya Hindi upande wa mashariki na hori lenye mikoko upande wa pili. Watu wake, ambao karibu wote ni Waislamu, huvua samaki, hulima muhogo na mtama katikati ya mawe, na wengine huponda kokoto. Akina mama wengi wa pwani hizi hulima mwani, zao lililoanza kulimwa kwa biashara huko Zanzibar mwaka 1989.

Basi mkulima wa mwani haongozwi na jua kama mkulima wa mahindi. Anaongozwa na mwezi. Siku za bamvua maji hukauka karibu na saa nne asubuhi, naye hushuka pwani kufunga mbegu kwenye kamba zilizoshikwa na vigingi. Kufikia saa kumi jioni maji yamejaa tena. Baina ya kupwa na kujaa huko kina hubadilika kwa mita 3 au zaidi. Maana yake ni hii: pale mtoto alipokuwa akicheza na kaa asubuhi, jioni hata mtu mzima hafikii chini.

Sasa fikiri juu ya mtoto aliyekwisha jua kusimama dede na kwenda mbio. Hajui bamvua wala maji mafu. Kwake maji ni maji, na mawe ni ngazi ya kupandia. Mama ana kazi ya maji na baba yuko baharini. Ndiyo sababu mzigo wa kumtazama huangukia kwa bibi au dada mkubwa. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli. Lakini mikono mingi nayo ina hatari yake, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Dawa yake haina gharama. Mama akitoka, amtaje kwa jina anayeachiwa mtoto: “Dada Fulani, mtoto ni wako mpaka nitakaporudi.” Na dada huyo asipewe kazi ya kutwanga saa hiyo hiyo.

Wewe unayesoma habari hizi mbali na bahari, usiseme hayakuhusu. Mtoto mdogo aweza kuzama katika ndoo yenye maji kidogo tu, tena kimya kimya, pasipo kelele. Funika kisima na pipa. Ndoo ya maji ya kufulia imwage mara umalizapo kazi. Zungushia mafiga uzio wa fito. Mafuta ya taa usiyatie katika chupa ya soda, maana mtoto anaijua chupa ile kwa utamu wake.

Pengine utasema: heri mtoto mtulivu, aketiye alipowekwa. Ngoja kwanza. Pemba hiyo hiyo ina somo kubwa juu ya jambo hili. Katika kijiji cha Kengeja, kusini mwa kisiwa, wataalamu waliwachunguza watoto wadogo 614 kwa sababu wengi walikuwa na upungufu wa damu, unaoletwa na malaria, minyoo na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2001. Watoto waliopewa dawa ya madini ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika kusema, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa sana waliendelea vizuri zaidi katika kutembea na kuchezesha viungo. Umeona? Mtoto aliyepungukiwa na damu huchoka, haondoki alipo, hataki kujua kilichomo ndani ya chungu. Mama anamsifu kuwa ni mpole, kumbe ni mgonjwa.

Hata hivyo usikimbilie dukani kununua vidonge. Uchunguzi mwingine uliofanywa Pemba, ukachapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto waliogawiwa madini ya chuma pamoja na foliki, bila kupimwa damu kwanza, mahali penye malaria nyingi, walizidi kupatwa na ugonjwa mkali na hata vifo. Siku hizi malaria imepungua sana Zanzibar, lakini sehemu nyingi za bara bado ipo. Kwa hiyo ukiona viganja vya mtoto na ndani ya kope vimepauka, au mchezo umemtoka ghafula, mpeleke kliniki apimwe. Mganga ndiye atakayeamua dawa.

Chakula lakini ni kazi yako wewe. Dagaa, samaki, ini, kunde na mboga za majani husaidia kuongeza damu, hasa vikiliwa pamoja na limau, embe au chungwa. Chai usimpe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini yale yasiingie mwilini. Wala usitishike jirani akikuambia mwanawe alitembea mapema kuliko wako. Watoto wazima wa afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu miezi 18.

Na adabu je? Wapo wanaosema, mtoto akililia wembe, mpe. Usimpe! Wapo pia wanaosema, mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwa neno hilo huchukua fimbo. Lakini mtoto wa miaka miwili ukimkataza leo, kesho amesahau. Fimbo humfundisha kukuogopa wewe, na kisima kitabaki pale pale. Mwambie neno moja fupi, mwondoe, mpe kingine cha kushika: kifuu cha nazi, kijiko cha mti, mchanga wa kuchotea. Mpe na kazi yake ndogo, kama kukuletea kata au kuwarushia kuku punje. Utaona fahari yake anavyokwenda na kurudi.

Basi, msomaji mpenzi, jioni ya leo utakapokuwa umechoka, na kijana wako ameingia tena kapuni mwa viazi, mtazame vizuri kabla ya kumkaripia. Macho yake yang'aa, miguu yake ina nguvu, na anataka kuijua dunia aliyopewa. Mshukuru Mungu kwa uzima wake. Kisha mtoe kapuni, umwoshe miguu, na kabla hamjalala hakikisha kisima kimefunikwa.