Makali ya Kisu cha Mfukoni

Wengi wetu hudhani kwamba kisu kinachonyoa vinyweleo vya mkono ndicho kikali kuliko vyote. Mimi sikubali. Wakati wa likizo humsaidia mjomba wangu kufunga mizigo katika soko la Temeke Stereo. Kisu chake cha kukunja hukinoa kwa upande wa kinoo unaoparuza, basi. Makali hayo yana meno madogo mno, nayo hukamata kamba ya katani au ganda la nyanya mara moja. Makali nyororo huteleza juu ya kamba. Mtu huongeza nguvu, na hapo ndipo anapojikata. Lakini kwa kuchonga penseli, au mpingo kama mafundi wa Mwenge, sharti umalizie upande laini, kisha ukipitishe kisu juu ya mkanda wa ngozi (si ule wa sare!), mgongo ukitangulia.