Bunduki ya Marehemu: ya Baba au ya Babu?

Madeni ya dukani ya marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, yalipokwisha kulipwa, tulikaa Pangani kuhesabu alichokiacha: nyumba, minazi, ng'ombe wawili na bunduki moja ya zamani. Bunduki tulikwisha kuipeleka kituo cha polisi, kwani leseni ya silaha hupewa mtu kwa jina lake, hairithiwi pamoja na kabati.

Hapo shangazi yetu mkubwa akasema neno. Bunduki ile, alisema, ni ya babu, aliyoipata kwa askari wa Wajerumani. Babu alifariki mwaka 1951, akaacha mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Basi nusu ni ya baba, na kila shangazi ana robo yake tangu siku ile. Hesabu hiyo haina kasoro. Ikiwa mali ni ya babu, haki ya mashangazi haifutiki kwa kupita miaka 70, na sisi tusingeweza kuigawa kana kwamba ni yetu sote peke yetu.

Tulimwomba mtunza silaha wa kituo atuoneshe. Aliikagua kwanza kama ina risasi, kisha akaiweka mezani. Jambo la kwanza ni tundu la mtutu: dogo mno, halipiti kalamu ya wino. Ni kaliba ya 0.22 ya inchi, yaani kama milimita 5.6. Maganda mawili yaliyohifadhiwa na mama ndani ya kopo yalithibitisha hivyo: hayana kile kidoa cha katikati kinachogongwa na pini, yamebonyezwa ukingoni. Ni bunduki ya kufukuzia ngedere na kunguru minazini, na ndivyo baba alivyoitumia. Askari wengi wa Wajerumani wakati wa Majimaji walibeba Mauser za muundo wa mwaka 1871, zenye mtutu wa milimita 11. Risasi yake ni kama kidole gumba!

Chini ya kutu na mafuta ya nazi (baba alipaka mafuta ya nazi kila kitu) ilionekana alama ya bunduki tatu zilizoegemezana, nembo ya kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza. Hiyo peke yake haikutosha, maana kiwanda hicho kilianza mwaka 1861. Lililokata shauri ni muhuri mdogo mtutuni: taji, na chini yake herufi BNP. Huo ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya silaha ya Birmingham, nao ulianza kugongwa baada ya mwaka 1954. Babu alikuwa kaburini.

Tulimsomea shangazi hayo yote. Alisikiliza kwa utulivu, akajitandia kanga yake vizuri.

"Basi, wanangu, si ya babu yenu, nami sina neno juu yake. Lakini baba yenu aliinunua kwa fedha gani? Ile minazi ya ng'ambo ya mto aliyoiuza, ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa ya babu. Hilo hata baba hakupata kulikana, na deni la marehemu hutangulia mgawanyo. Bunduki imeandikwa katika mali ya baba, mgawanyo umesimama. Jana mdogo wetu amevuka kwa kivuko kwenda Bweni, kuwatafuta wazee wanaokumbuka minazi ile ilikuwa mingapi.