Gemu, Linux na Halali ya Kompyuta ya Nyumbani

Leo hatuji na mshono wala piko. Tunakuja na swali ambalo wanawali wanaokuja kupimwa nguo kwetu hapa Mkange hutuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mchumba wangu anapenda sana gemu. Itakuwaje?"

Jibu letu huwashangaza, kwa sababu sisi wenyewe tunacheza. Isha ikishaswaliwa na cherehani ikifunikwa, huwa tunapata nusu saa yetu. Na tuna maoni yetu kuhusu gemu, hasa sasa zinapofika kwa wingi kwenye Linux. Tunayasema hapa kwa sababu ndani yake mna pesa ya nyumbani, na mna halali na haramu.

Kompyuta moja, kazi mbili

Kompyuta yetu ni laptopu ya mtumba. Tuliinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, picha za mishono na daftari la madeni. Aliyetuuzia alisema kila kitu kimo ndani: Windows, na gemu chungu nzima juu yake. Baba watoto alifurahi, maana mpira ulikuwemo na magari ya mashindano yalikuwemo.

Haikupita miezi mingi, mafaili ya vipimo yakawa hayafunguki. Wakati huo tulikuwa na mabibi harusi watatu, wote ndoa zao mwezi mmoja. Fundi akaitazama akatuambia Windows ile ni nakala isiyolipiwa, kufuli lake limevunjwa, na virusi vimeingia pamoja na gemu zile zile. Tukawapigia wateja mmoja mmoja, tukawapima upya. Mmoja tulimfuata Matipwili kwa bodaboda na futi yetu shingoni.

Fundi akatupa njia mbili: aweke tena nakala kama ile kwa bei ya chai, au aweke Linux, ambayo ni ya bure na halali. Sisi tulitaka Linux. Baba watoto akasema, "Linux haina gemu." Hapo ndipo yalipoanza mazungumzo ya siku tatu.

Ilikuwa kweli, zamani

Kwa dada asiyejua, Linux ni mfumo endeshi, yaani kitu kinachoiamsha kompyuta na kuziongoza programu zake, kama Windows ifanyavyo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland, kisha watu wa dunia nzima wakaijenga pamoja. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Usidhani ni kitu cha mbali: simu yako ya Android kiini chake ni Linux. Na Waswahili tumeifikia zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili chetu.

Kwenye gemu tu ndiko ilikonyimwa. Kampuni zilitengeneza za Windows, mwenye Linux akabaki mtazamaji. Kulikuwa na Wine, iliyoanza mwaka 1993, programu inayofanya kazi ya mkalimani: gemu inaomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inaomba kitu hicho hicho kwa lugha ya Linux. Lakini mkalimani huyo mara nyingi alikuwa akikwama njiani.

Aliyebadilisha mambo ni kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam. Februari 2013 ilileta duka hilo kwenye Linux. Mwaka 2015 ikajaribu kompyuta za gemu za Linux, hazikupata wanunuzi wengi. Agosti 2018 ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na tangu hapo maelfu ya gemu za Windows yakaanza kuchezeka bila mwenye gemu kugusa chochote. Februari 2022 ikatoa Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayotumia Linux.

Sisi wafanyabiashara tunamwelewa Valve, na hatumwiti mtoa sadaka. Windows 8 ilipokuja mwaka 2012 na duka la Microsoft ndani yake, mwenye Valve, Gabe Newell, alisema waziwazi kwamba ana wasiwasi. Nani anataka kupanga fremu kwa mwenye nyumba ambaye naye ameanza kuuza bidhaa ile ile? Alitafuta uwanja wake. Faida ikatufikia hata sisi ambao hatujawahi kumnunulia kitu.

Suala la halali

Baba watoto ni mtu wa kupenda hoja, tukampa hoja. Mwezi wa Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait likaamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzidhulumu. Programu ni kazi ya mikono na akili ya mtu. Sisi tukishona gauni la harusi, mtu akalichukua bila kulipa, tutalia hadi kwa mjumbe. Basi na aliyeandika programu naye ana haki yake.

Tukamwambia pia: kompyuta hii ndiyo inayotulisha. Kama riziki inapita humo, tuipitishe mahali safi.

Hakukubali kwa siku ya kwanza. Alikubali kwa sharti kwamba gemu zipatikane, na sharti hilo tuliliona la haki. Mume anayeacha kitu anachokipenda bila kupewa badala yake, ataenda kukitafuta barazani.

Tulichopata, tulichokosa

Fundi aliweka Linux Mint. Kuishusha kunakula karibu GB 3 za bando, kwa hiyo mpe fundi flashi aje nayo tayari. Tukapata SuperTuxKart, mashindano ya magari ya katuni, bure kabisa, haihitaji intaneti, na watu wawili mnacheza kwenye kompyuta moja. Tukapata 0 A.D., ya kujenga miji ya kale, na humo umo ufalme wa Kush wa Sudan. Watoto wakapata GCompris, ya herufi na hesabu. Na sisi wa cherehani tukapata Inkscape ya kuchorea maua, ambayo ukiiongezea Ink/Stitch inatayarisha michoro ya mashine za tarizi. Hizo zote hazina kufuli la kuvunja.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni bado zinaikataa Linux, kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Fortnite haichezeki, Valorant haichezeki. Gemu za mpira za EA kwenye kompyuta zilifunga mlango tangu FIFA 23. Apex Legends ilikuwa inachezeka, ikafungwa mwishoni mwa 2024. Maoni yetu ni kwamba hao wanawaadhibu wengi kwa makosa ya wachache. Mwizi hukamatwa kwa kuchunguzwa, hakamatwi kwa kuwafungia mtaa mzima. Baba watoto mpira wake sasa anachezea kwenye simu. Kompyuta ndogo kama yetu nayo haitabeba gemu kubwa, hata ukiiwekea mfumo gani. Mwambie mchumba wako mapema, asije akakulaumu.

Na kuna gemu ambazo hata zikichezeka, kwetu haziingii. Ni zile zinazouza makasha yaliyofungwa: unalipa pesa halisi bila kujua utapata mchezaji hodari au utapata bure. Ubelgiji iliyahesabu makasha ya aina hiyo kuwa kamari mwaka 2018. Sisi tulikuwa na hukumu ya kamari tangu Suratul Maida, aya ya 90. Hapo hatujadiliani.

Kwa bibi harusi

Dada, usianze ndoa kwa kuigombanisha gemu. Anza kwa kuuliza. Anacheza nini? Analipia nini? Adhana ikilia, anaweza kusimama, au mpaka amalize? Jibu la swali hilo la mwisho litakufundisha mengi kuliko gemu yenyewe.

Kubalianeni kiasi cha bando na saa ya kuzima, na muwe mmepatana kabla ya ugomvi, si katikati yake. Kama kompyuta ni moja na wewe una biashara, nakili mafaili yako kwenye flashi kila wiki, hata kama unamwamini mwenzako kama roho yako.

Kisha kaa naye ucheze. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alishindana mbio na Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie; mara moja akashinda Bi Aisha, mara nyingine akashinda Mtume. Ndoa ina nafasi ya kucheka na kushindana, ilimradi swala haikupita na haki ya mtu haikuliwa. Sisi kwenye SuperTuxKart tunashindwa mara nyingi, na baba watoto hatusamehi hata raundi moja. Lakini kompyuta inayotushinda ni yetu kihalali, na vipimo vya wateja vimo ndani salama.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu, mapenzi na riziki ya halali. Amin.